Kumbukumbu ya mradi: faili niliyoitenga ikarudi yenyewe

Programu ninayoitengeneza jioni baada ya kazi ni ya kumsaidia shemeji yangu kuweka hesabu za magunia ya dagaa anayonunua kwenye mwalo wa Kirumba. Sehemu kubwa imekamilika, isipokuwa folda ya mizani, ambamo nimeandika nusunusu msimbo wa kusoma uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani ya kidijitali. Kwa kuwa folda hiyo inahitaji maktaba (msimbo uliotayarishwa na wengine) ambayo bado sijaiweka, juma hili nilitaka Ant, zana ya kujenga programu za Java, ikompaili programu yote (yaani msimbo ugeuzwe kuwa faili za kuendeshwa) na kuiacha hiyo. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Imekula jioni tatu.

Jioni ya kwanza kosa lilikuwa langu. Katika build.xml, faili ya maagizo ya Ant, niliandika exclude (agizo la kuacha faili) yenye njia src/mizani/, nikisahau kwamba njia hiyo huhesabiwa kuanzia ndani ya srcdir, folda ya msimbo, ambayo kwangu ni src yenyewe. Hakuna faili iliyolingana nayo, na Ant haikutoa onyo lolote. Nikaandika mizani/ tu.

Makosa yaleyale 14 yakarudi, yote yakiitaja MizaniSerial.java, faili ileile niliyokwisha kuitenga. Nilipoendesha Ant kwa -verbose, ili ieleze kila hatua, nikaiona orodha ya faili inazoikabidhi javac, kompaila ya Java, na MizaniSerial haikuwamo. Kumbe Ant ilikuwa imetii, na aliyeirudisha ni javac. Ripoti.java ina mstari mmoja usemao new MizaniSerial(), na javac inapokutana na klasi isiyokuwa kwenye orodha yake huenda kuitafuta kwenye sourcepath, yaani mahali pa kutafutia msimbo, ambayo usipoitaja Ant huijaza kwa thamani ya srcdir. Exclude huamua tu faili zipi zikabidhiwe mwanzoni. Ni sawa na kumwambia mchukuzi aliache gunia moja mwaloni huku karatasi ya mzigo aliyoishika imeliandika: atarudi kulibeba.

Nikaongeza sourcepath="" kwenye javac, na kila kitu kikapita bila kosa hata moja. Hilo ndilo lililonitia shaka, kwa sababu Ripoti bado ilikuwa inaitaja MizaniSerial, na klasi isiyokuwapo haiwezi kukubaliwa kimyakimya. Jibu lilikuwa kwenye folda ya build: MizaniSerial.class ya zamani, iliyokompailiwa kabla sijaanza kutumia maktaba ile, ilikuwa ingali humo, na Ant huiweka folda ya matokeo kwenye classpath, mahali javac inapotafuta klasi zilizokwisha kukompailiwa. Nilipoifuta build yote, likatokea kosa moja la kweli, kwamba jina hilo halijulikani, pamoja na namba ya mstari wa Ripoti. Sijawahi kufurahia kosa namna ile.

Jioni ya tatu nilikata uhusiano wenyewe. Ripoti sasa inapokea kiolesura (interface) nilichokiita ChanzoChaUzito, chenye mbinu moja ya somaKilo, na kwa sasa kinachokitekeleza ni UzitoWaMkono, yaani mtu anasoma mizani kwa macho na kuandika kilo mwenyewe. Lengo la clean, linalofuta folda ya build, nalo huendeshwa kila ninapobadilisha exclude. Jana shemeji ameingiza magunia sita kwa mkono, akaniuliza kwa nini programu haisomi mizani yenyewe kama nilivyomwahidi.