Daraja la Neva Ndani ya Ubongo

Kovu la kidole changu cha shahada lilinifundisha habari za neva kabla sijazisoma popote. Kisu kilizama, ncha ya kidole ikafa ganzi, na ilichukua miezi kadhaa hisia kurejea, zikianza na mnyeo kama wa sisimizi watambaao, uliosogea siku hadi siku kuelekea kwenye kucha. Uzi wa neva ulikuwa unaota upya, kwa mwendo wa takribani milimita 1 kwa siku. Uti wa mgongo na ubongo haviponi hivyo, nami nilidhani ni kwa sababu seli zake zimekwisha nguvu.

Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliandika kwamba katika ubongo uliokomaa kila kitu chaweza kufa na hakuna kiwezacho kuota tena. Wanaomnukuu huishia hapo, ilhali yeye mwenyewe aliendelea kwa kuiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuitengua hukumu hiyo. Mwaka 1981, jijini Montreal, watafiti Samuel David na Albert Aguayo walitwaa kipande cha neva ya mguu wa panya, wakakipandikiza kama daraja kati ya shina la ubongo na uti wa mgongo, na nyuzi za seli za ubongo zikaota ndani yake kwa takribani sentimita 3. Zilipotoka upande wa pili na kuingia tena katika uti wa mgongo, zilikwama baada ya hatua chache tu. Seli zilikuwa na uwezo. Kilichozikwamisha, kwa sehemu kubwa, ni ujirani: mayelini ya huko, yaani ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva, ina protini zinazozuia ukuaji, mojawapo ikiitwa Nogo-A, na kovu la jeraha huongeza kizuizi kingine.

Hata hivyo, si nyuzi zote zinazotii kizuizi hicho. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakichungulia ubongo wa panya hai kwa hadubini, walionyesha kwamba nyuzi zinazobeba serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, zikishakatwa, huota tena kwa wiki na miezi, tena huvuka ufa wa jeraha lenyewe. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hazikufuata njia za zile zilizokufa: zilijitafutia njia mpya, na bado zikaweza kutoa serotonini.