Kitanzi cha pauni ya shangazi

Nimerudi kwa sonara jioni hii, na pauni ya dhahabu ya marehemu shangazi bado ina kitanzi chake cha kuitundikia kwenye mkufu. Asubuhi niliondoka nyumbani nimeshaazimia kikatwe.

Pauni yenyewe ni ya mwaka 1918. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili Mtakatifu George yuko juu ya farasi akipambana na joka. Chini ya farasi, juu kidogo ya tarehe, pana herufi I ambayo sikuwahi kuiona mpaka niliponunua kioo cha kukuza. Hiyo ni I ya India. Kiwanda cha sarafu cha Bombay kilipiga pauni za Kiingereza zenye tarehe ya mwaka huo mmoja tu, takriban milioni 1.3, basi. Za Sydney zina S, za Perth P, na za Pretoria SA. Usiku nilipoitambua herufi ile sikulala. Shangazi aliivaa kifuani miaka yote ile, katika arusi na maulidi, na mimi nikahangaika kutafuta sarafu za mbali.

Za mbali ninazo chache, na ninazipenda. Ninayo ya Uswisi yenye msichana mwenye nywele za kusuka, wanamwita Vreneli, na ya Ufaransa yenye jogoo. Zote ni za faranga 20, na nikiziweka kila moja kwenye sahani yake, mizani inatulia sawa kabisa: gramu 6.45. Mwaka 1865 Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi zilikubaliana uzito wa fedha zao, na mapatano yale bado nayaona mezani kwangu, ingawa nchi zenyewe zilishaachana nayo zamani. Hilo ndilo lililonitia katika kukusanya sarafu. Dhahabu ni dhahabu, lakini sarafu ni ahadi iliyopigwa chapa.

Sasa, kwa sisi wakusanyaji, sarafu iliyotiwa lehemu inahesabika kuwa imeharibika. Anayenunua anakulipa uzito wa dhahabu tu, kana kwamba tarehe na herufi havipo. Ndiyo maana nilitaka kitanzi kitoke, pauni isafishwe ukingoni, ikae kisandukuni pamoja na wenzake.

Sonara ni mzee, mikono yake imekauka kwa tindikali. Akaipima kwanza: zaidi ya gramu 8, na pauni tupu haifiki hapo, ni 7.98. Akaigeuza, akaangalia ile lehemu kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "zamani watu walikuja hapa nitie vitanzi. Siku hizi mnakuja nivitoe."

Nikamwambia kwamba bila kitanzi inakuwa na thamani zaidi.

"Na zile ambazo hazikutiwa, unajua ziliko?" Akanyoosha kidole kwenye chungu chake cha kuyeyushia.

Sikuwa na jibu. Dhahabu haiozi wala haishiki kutu, kinachoiua sarafu ya dhahabu ni moto. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alipiga sarafu za dhahabu katika karne ya 14, zama zile zile ambazo msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, na zinazojulikana leo zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ilhali za shaba zimeokotwa kwa maelfu. Marekani ilipiga sarafu 445,500 za dola 20 zenye tarehe ya 1933, kisha serikali ikaziyeyusha karibu zote. Moja iliyonusurika iliuzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 18.

Kisha nikaikumbuka sarafu ya Tabora. Hiyo sinayo, na sidhani nitaipata, lakini niliwahi kuishika mara moja. Mwaka 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari, fedha haziingii, Wajerumani wameuhamishia utawala wao Tabora. Katika karakana ya reli wakapiga sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, kule Iramba: tembo ameinua mkonga, milima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Zilipigwa takriban 16,000, na Septemba ya mwaka ule Wabelgiji wakauteka mji. Ile niliyoishika ilikuwa na alama ukingoni, doa la lehemu iliyosuguliwa. Muuzaji aliniomba radhi kwa doa lile. Nami nikakunja uso, nikairudisha.

Leo ndiyo nimeelewa nilichokuwa nakitazama. Kuna mwanamke aliyemtundika tembo yule shingoni, na kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kumtia motoni. Vitabu vya wakusanyaji vina majina ya wachonga chapa na ya wafalme. Wanawake waliozihifadhi kwa kuzivaa hawamo, na kazi yao inaandikwa kuwa kasoro. Inaniuma, kwa sababu nami nilikuwa nikiandika hivyo hivyo kwenye daftari langu: "1918 I, ina kitanzi, imeharibika."

Neno la mwisho nimelifuta. Mahali pake nimeandika jina la shangazi.

Sonara hakutaka malipo. Alikaza tu pete ndogo iliyokuwa imelegea, akairudisha pauni kwenye mkufu wake. Jumamosi mjukuu wa shangazi anaolewa, na ataivaa yeye. Nimeshamtumia ujumbe asiisugue kwa dawa ya meno wala majivu, aifute kwa kitambaa laini tu.