Mfuko wa maembe msumarini

Leo nimerudi nyumbani na kitu kifuani, acha nikiandike kabla sijalala maana nikilala kitapotea.

Jioni nilishuka daladala pale Mwenge nikapitia kwenye genge la mama mmoja ambaye nanunua kwake nyanya na vitunguu karibu kila siku, sasa nikiwa nachagua nyanya nikaona gari imepaki pembeni, akashuka kijana amevaa ndala na kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, akaongea na mama pale kwa sauti ya chini, kisha nikasikia nipe maembe ya elfu tano yale yaliyoiva. Sauti ile! Sauti ambayo naisikia kila asubuhi kwenye redio ya daladala, ningeitambua hata usingizini. Jina silitaji, na yeye ana haki ya kununua embe kwa amani kama mtu mwingine yeyote.

Amani yenyewe hakuipata. Bodaboda wawili walishamuona, simu juu, mmoja anaita wenzake ng'ambo ya barabara, wanafunzi waliokuwa wanasubiri gari wakaja mbio, dada mmoja akamshika bega akageuza simu kupiga selfi hata hajamwambia lolote, yaani ndani ya dakika mbili tatu palikuwa pamejaa. Na mimi simu ilikuwa mkononi, nimeshaifungua kamera. Jamaa akatabasamu, akapiga picha na watu kama sita hivi, halafu akarudi nyuma taratibu mpaka kwenye gari akaondoka. Maembe kashalipia, kayaacha.

Nilichokuja kukigundua njiani natembea kurudi nyumbani ni kwamba sikusikia mtu hata mmoja anamsalimia. Hata mambo. Hata habari yako kaka. Mimi mwenyewe pia sikumsalimia, na hicho ndicho kimenikaa.

Nikakumbuka Unguja, likizo ya Desemba 2006. Nilikuwa kwa shangazi yangu karibu na yale majumba marefu ya Michenzani, tumetoka sokoni Darajani na vikapu, jua kali, mbele yetu anakuja bibi mwembamba kabisa, kanga mbili, sigara kidoleni, anatembea zake polepole ukingoni mwa barabara. Bi Kidude, yule mwimbaji mkongwe wa taarab. Nilikuwa nimeshamuona kwenye TV, nilikuwa najua kwamba mwaka mmoja nyuma, 2005, alipewa tuzo kubwa ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, huko Uingereza, na kwamba kila Februari wageni wanapanda ndege kuja Ngome Kongwe kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara na wengi wanamtaka yeye. Kwahiyo mimi nikaganda katikati ya njia, namkodolea macho.

Shangazi akanipiga kiwiko. "We mtoto, mtu mzima haamkiwi?"

Nikasema shikamoo bibi. Akasema marahaba, akapita. Basi, hakuna kingine kilichotokea, hakuna picha wala saini wala hadithi ndefu, na mpaka leo ile marahaba naisikia, nzito, imekwaruza kwa chini kama ngoma iliyowambwa sasa hivi.

Shangazi hakuona kama kuna cha ajabu. Kwake yeye Bi Kidude alikuwa mtu mzima wa mjini, mtu wa unyago, aliyewafunda wanawari wengi, na mtu wa namna hiyo ukipishana naye unamuamkia kwanza, mambo ya Ulaya yatakuja baadaye kama yatakuja. Usiku ule nikamuuliza sana, akanisimulia kwamba jina lake hasa ni Fatuma binti Baraka, baba yake alikuwa akiuza nazi, kwao kijiji cha Mfagimaringo, na kwamba umri wake hakuna anayeujua vizuri, mwenyewe anasema kazaliwa enzi za rupia. Alipokuwa binti mdogo nyimbo zake nyingi alizipata kwa kumsikiliza Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab ambaye 1928 alikwenda mpaka Bombay kurekodi santuri. Nikawaza, yaani yule bibi niliyemuamkia mchana kwenye jua alimsikia Siti kwa masikio yake mwenyewe! Mpaka sasa nikiwaza hivyo mwili unasisimka.

Likizo ikaisha nikarudi Dar. Nilijiahidi mwaka unaofuata nitamuomba shangazi anipeleke nikakae naye barazani hata nusu saa, nimuulize ile sauti aliitunza vipi miaka yote hiyo. Sikwenda. Mwaka ukaja mwingine, shule, kazi, nauli ya boti, na tarehe 17 Aprili 2013 akafariki. Picha naye sina na sijawahi kuitamani, ila ile nusu saa naitamani kweli kweli.

Na kuna mwingine huwa namuwaza, huyu sijawahi kumuona. Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 20, 1968, Mexico City, mbio za marathoni za Olimpiki, hewa nyepesi ya mji uliopo zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, akaanguka njiani akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2:20:26. Akhwari kaingia uwanjani giza linaingia, mguu umefungwa bandeji, anachechemea, saa 3:25:27, wa 57 na wa mwisho, wakati walioanza walikuwa 75 na waliobaki wote walishaacha njiani. Dunia nzima ya michezo inamjua kwa hilo. Halafu akarudi kwao Mbulu kulima. Sasa huwa nafikiria siku ya mnada kule, vumbi, ng'ombe, watu wanabeba mahindi, watoto wangapi wamewahi kumpisha njia wakasema shikamoo babu wakaendelea na safari yao bila kujua wamemuamkia nani. Nawaonea wivu watoto hao.

Basi saa tatu usiku nikagundua sina chumvi, nikatoka tena mpaka gengeni. Mama alikuwa anafunika bidhaa zake na turubai. Juu kwenye nguzo, kwenye ule msumari anaotundikia mizani, kuna mfuko umefungwa vizuri.

Nikamuuliza, mama haya si ya yule kaka wa jioni?

"Ndiyo, kashalipa, atatuma mtu, nikiyaweka chini yataliwa na panya."

Nikamuuliza kama anamjua. Akasema hapana simjui, wale vijana walikuwa wanamfuata sijui kawafanya nini, ila mtoto wa watu ana adabu, kashuka tu kwenye gari hata bei hajauliza kanipa shikamoo yangu, kaniuliza na hali ya biashara.

Nikalipa chumvi yangu. Mfuko nikauacha pale pale ulipo.