Njia Isiyovuka Maji

Baba alipostaafu ualimu mwaka 2004, alitutangazia mezani kwamba hazeekei Dar. Nyumba ya kijijini Bukoba ilikuwa imekwisha kuezekwa na migomba ilikuwa inamngoja. Kilichobaki ni namna ya kufika huko yeye na mama, pamoja na vitu vya miaka 31 ya ndoa, na gari pekee alilokuwa nalo lilikuwa pikapu, Hilux ya dizeli ya mwaka 1984 aliyoinunua mnadani ikiwa tayari imechoka.

Watu wetu wa Bukoba walizoea kupanda treni hadi Mwanza, kisha meli usiku kucha. Kulikuwa na mabasi pia, na kwa miaka mingi yalizunguka Nairobi na Kampala, yakarudi kuingia nchini kwa Mutukula, kwa sababu barabara ya katikati ya nchi ilikuwa inatesa magari na watu.

Meli kwa mama haikuzungumzika. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza, mama mdogo alikuwa ndani. Alikuwa mdogo wake wa kumfuata, waliyelala kitanda kimoja utotoni. Tangu siku ile mama hakukanyaga tena chombo cha majini. Hata pantoni ya Kigamboni hakuipanda, na shoga yake mkubwa alikuwa anaishi ng'ambo ile. Hakuwahi kutuambia kwamba anaogopa. Alisema tu "siendi", nasi tukajifunza kutomuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo kupanga safari ile kulikuwa ni kutafuta njia isiyovuka maji. Kazi ya kuandika nilipewa mimi, kwa kuwa kaka ndiye angeendesha na mwandiko wake baba hakuweza kuusoma. Tulitandaza ramani ya zamani kwenye meza ya chakula, tukaibana pembe kwa vikombe, baba akavaa miwani. Njia ya kupitia Mwanza, Sengerema na Geita ndiyo iliyovutia jicho, lakini kati ya Kigongo na Busisi kulikuwa na pantoni. Baba aliangalia mlango wa jikoni, akaifuta bila kuitaja kwa sauti. Njia ya Kampala ilidai karatasi za kuvusha gari mipaka mitatu, na kwa umri wa gari lile hakutaka kusimama mbele ya afisa forodha yeyote. Ikabaki ile ya katikati: Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, Tinde, Kahama, Ushirombo, Lusahunga, Biharamulo, Muleba. Niliandika umbali pembeni ya kila jina. Dar hadi Dodoma 450, Dodoma hadi Singida 240, hivyo hivyo mpaka ikafika kama kilomita 1,450.

Tulichagua Agosti, katikati ya kiangazi, kwa kuwa baada ya Dodoma vipande virefu vilikuwa bado vumbi, na mvua ikinyesha udongo wa Bahi hauachii tairi. Mapori ya Biharamulo nayo yalikuwa na majambazi siku zile, magari yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Baba aliniambia niandike kwa herufi kubwa: TUSIPITE USIKU.

Fundi wetu alikuwa na gereji chini ya mwembe. Nilikwenda naye baba Jumamosi moja, nikiwa na daftari. Fundi alilala chini ya gari juu ya boksi lililokunjuliwa, akaniita niiname nione. Alimulika springi ya nyuma, upande wa kushoto, akafuta tope kwa kidole gumba. Kwenye jani la pili kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kutu ya rangi ya chungwa imetoka humo ikachuruzika.

"Hii ikikukatikia Buguruni, mwalimu, utanipigia simu nije," alisema. "Ikikukatikia kati ya Manyoni na Singida na mzigo juu, utalala hapo na mama."

Akabadilisha jani lile, akaongeza jingine moja kila upande. Rejeta aliifungua akaizibua, maana gari lilikuwa linachemsha hata foleni ya Tazara, na mbele kulikuwa na mlima wa Saranda kabla ya Manyoni. Akaniandikisha vya kubeba: mkanda wa feni, hosi ya juu na ya chini, tyubu mbili na viraka, nozeli moja, madumu mawili ya maji. Kaka akaambiwa mteremko wa Sekenke ashuke na gia namba mbili, breki aziache zipumzike. Yule mzee alilipenda gari lile kuliko sisi tuliokuwa tunalipanda, na mpaka leo nikisikia dizeli ya zamani ikinguruma asubuhi namkumbuka yeye.

Usiku mmoja, wiki moja kabla ya kuondoka, nilikuwa peke yangu mezani nikipiga hesabu za mafuta. Lita moja kwa kilomita tisa na mzigo, kwa hiyo lita 160 na ushee. Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwa khanga, akasimama nyuma yangu.

"Tinde ni wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na Mwanza?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole Tinde, akakipandisha taratibu, Shinyanga, mpaka kikagusa rangi ya bluu.

"Hapa katikati hakuna maji?"

"Hakuna, mama. Ni nchi kavu mpaka mjini."

"Basi tupite Igoma."

Igoma ndiko walikozikwa wengi wa waliopatikana siku zilizofuata, ambao hawakuweza tena kusafirishwa kwao. Mama mdogo yuko huko. Wajomba ndio walioenda kumzika. Mama hakuwahi kuliona kaburi, miaka minane.

Sikujua kwamba baba alikuwa mlangoni. Alikuja, akavuta kiti, akaangalia ramani muda mrefu. Kutoka Igoma isingewezekana kuendelea mbele bila pantoni, ingebidi turudi nyuma mpaka Tinde. Karibu kilomita 400 za nyongeza, siku moja zaidi, na fedha ya mafuta ambayo kwenye bahasha haikuwemo.

"Andika Igoma," aliniambia.

Kesho yake mama aliuza kabati lake la vyombo kwa jirani. Lilikuwa la mninga, zawadi ya harusi yao. Alimkabidhi baba fedha zikiwa zimefungwa kwenye leso, naye akazipokea bila kuhesabu. Nilifuta 160, nikaandika lita 205.

Tulipakia mpaka saa tano usiku. Kaka alikaza turubai kwa kamba za katani, fundi akaja na tochi kuangalia springi zimekaaje chini ya mzigo, akaridhika. Saa kumi alfajiri injini iliwaka kwa mara ya pili, ikatikisa kioo cha dirisha. Mama alipanda mbele, katikati ya kaka na baba, akiwa na ndoo ndogo ya chokaa na brashi mpya. Kaka alinyoosha mkono aichukue akaifunge nyuma. Mama akaivuta, akaiweka chini kati ya miguu yake, akaufunika mfuniko kwa pindo la khanga.