Jiwe la kupeleka Cruz de Ferro

Mahujaji wanaotembea Camino, njia ya kwenda Santiago de Compostela, huacha jiwe kwenye rundo lililo chini ya Cruz de Ferro, yaani Msalaba wa Chuma; wengine huliandika jina la marehemu wao. Jiwe hilo lichaguliwe nyumbani: uani kwa marehemu, shambani kwake, au mtoni alikokuwa akichota maji. Lisizidi ukubwa wa ndimu. Anayeanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, atalibeba zaidi ya kilomita 500 kabla ya kufika kwenye msalaba huu wa milima ya León, Hispania, na gramu 100 zinatosha kabisa. Mawe ya nusu kilo ndiyo yanayotupwa njiani siku malengelenge yanapopasuka, na inauma kuliacha jina la mama mahali ambapo hukukusudia. Jina lenyewe lichongwe kwa msumari. Wino hauhimili jua na theluji; pale juu yapo mawe yaliyobakiwa na herufi mbili tu, na hakuna tena anayejua ni za nani.

Waliolala Foncebadón, kijiji cha mwisho kabla ya msalaba, wana kilomita 2 tu za kupanda. Watoke kabla hakujapambazuka, kwa sababu barabara ya LE-142 inapita papo hapo, na jua likishapanda magari ya watalii huanza kusimama. Wavae koti: ni mita 1,500 hivi juu ya bahari, na ukungu hukaa hata wakati wa kiangazi. Ukuta wa kanisa dogo la Mtakatifu Yakobo, lililojengwa mwaka 1982, husaidia kukinga upepo.

Msalaba ni mdogo, uko juu ya nguzo ya mwaloni yenye urefu wa mita 5 hivi. Ule wa chuma wa asili umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Astorga, mji ambao mahujaji huwa wameupita siku moja au mbili kabla, na huko unaonekana kwa karibu.

Ukifika, tua shanta chini, acha na mikongojo. Rundo ni la mawe yasiyoshikana, yanabingirika. Panda polepole, weka jiwe kwa mkono, usirushe, maana upande wa pili kuna mtu ameinama. Na liwe jiwe tu. Fulana ya marehemu au picha yake ndani ya plastiki, baada ya wiki chache za mvua ni uchafu, na kuna mtu atalazimika kuuzoa. Marehemu hastahili hilo.

Kaa utakavyo. Lakini kabla ya kuondoka, kaza kamba za viatu kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, kwa sababu baada ya kitongoji cha Manjarín njia hupanda tena kidogo, kisha hushuka karibu mita 900 hadi Molinaseca. Magoti huumia hapa kuliko kwenye kupanda. Pumzika El Acebo, kijiji kilicho kwenye mteremko huo. Mvua ikiwa imenyesha, mawe bapa ya njiani huteleza vibaya. Fuata lami, hata kama ni ndefu zaidi.