Kumbukumbu ya mradi wangu: kopo la Chase limefunguka

Kopo la saba katika mkusanyiko wangu wa makopo ya zamani ya kutikisia kokteli limefika, nalo ndilo nililolitafuta tangu nianze: Gaiety, lililobuniwa na Howard Reichenbach mwaka 1933 kwa ajili ya kampuni ya Chase Brass & Copper ya Waterbury, Connecticut. Muuzaji aliliandika kuwa ni la fedha. Ni shaba ya manjano iliyopakwa kromu, na kwangu thamani yake imo humo.

Fedha huingia weusi isiposuguliwa, ilhali kromu hutosheka na kitambaa chenye unyevu. Marufuku ya pombe iliyoanza Marekani mwaka 1920 ilipoondolewa Desemba 1933, nchi ilikuwa ndani ya mdororo mkubwa wa uchumi, na kaya isiyomudu seti ya fedha, wala mtumishi wa kuisugua, iliweza kuweka chombo kama hiki mezani. Ndiyo maana napenda unyoofu wake, mwili usio na nakshi ila mistari myeusi inayouzunguka, kuliko hata Penguin, kopo la kampuni ya Napier la mwaka 1936, ambalo wakusanyaji wengi huligombania.

Kifuniko kilikuwa kimekwama kabisa. Jumamosi nilifunga mwili wa kopo kwa kitambaa kilicholowa maji ya barafu, kisha nikamiminia maji ya moto juu ya kifuniko peke yake ili kitanuke huku shingo iliyo ndani yake ikisinyaa. Mara ya tatu nilikisikia kikilia kidogo, kikazunguka. Matundu ya kichujio yalikuwa yamezibwa na sukari iliyoganda, nami niliyazibua moja moja kwa kijiti cha meno. Wazo la kuweka kichujio ndani ya kopo lenyewe ni la zamani zaidi: Edward Hauck wa Brooklyn alipata hataza yake mwaka 1884.

Karibu na kitako kromu imebanduka kwa upana wa ukucha, na shaba inaonekana. Sitalipeleka kupakwa upya, kwa sababu fundi hulazimika kulisugua kwanza, na msasa ungefuta chapa ya Chase iliyo chini: kiumbe nusu mtu nusu farasi, akivuta upinde. Nimeipaka sehemu hiyo nta, basi.