Mamba na maji, unalia nini?

"Mamba na maji, mwanangu? Sasa unalia nini?"

Mama aliyasema hayo Jumapili, huku kwetu usiku umeshaingia na kwao Ikwiriri hakujapambazuka vizuri. Akacheka kile kicheko chake kifupi, halafu bando likamwishia na simu ikakatika. Nikabaki jikoni na jibu mdomoni. Leo Ijumaa bado ninalo, ndiyo maana naandika.

Nilimpigia kumjulia hali tu. Shikamoo, marahaba, akanyamaza kidogo, akasema sauti yangu ni ya mtu aliyefiwa. Nikamwambia kiota cha Rehema kimezama.

"Kiota cha ndege gani tena?"

"Si ndege, mama. Mamba. Mamba wa huku."

Ndipo akalisema lile.

Rehema mnamjua. Ni yule aligeta, jamii ya mamba wa huku Florida ninaowafuatilia kazini, mwenye kovu juu ya jicho, niliyewaandikia mwezi wa sita akikokota nyasi na matope kwa mdomo usiku na mchana. Tulipokipima kiota chake kilikuwa na mayai karibu 30, na pale yalipolala palikuwa juu ya maji vizuri kabisa. Wiki iliyopita mvua ilinyesha mfululizo, maji mengine yakaja kutoka kule juu, na tuliporudi na boti ya feni tukakuta ncha tu ya rundo imebaki nje. Nilitia mkono ndani. Majani yalikuwa ya baridi. Kiota kizima huwa kina joto, kwa sababu yale majani yanayooza ndiyo yanayoyaatamia mayai. Joto hilohilo ndilo linaloamua jinsia, karibu na nyuzi 33 hutoka madume, likishuka kwenye 30 hutoka majike. Hiki kilikuwa baridi tupu. Na Rehema mwenyewe alikuwa pembeni, amejitunisha, anatutolea ule mlio wa kututisha, bado analinda.

Wiki hii mkataba wangu umeongezwa mwaka mwingine, shemeji Idrisa amekula kiapo cha uraia na tumempikia pilau hadi majirani wamebeba. Nimefurahi kwa yote mawili. Lakini nikiosha vyombo namsikia mama: sasa unalia nini? Nikiendesha gari kwenda kazini, ananiuliza tena. Jana nikiwa kwenye boti nimejikuta namjibu kwa sauti, na kijana anayetuendesha akapunguza feni akidhani nimemwita.

Mama hakusema jambo la ajabu. Mamba anaowajua yeye ni wa Rufiji. Wale hufukia mayai kwenye mchanga wa ukingoni wakati wa kiangazi, mto ukiwa chini, na vitoto huanguliwa mvua zinapoanza. Maji yakija, watoto wameshatoka au wako mbioni kutoka. Mtu aliyekulia pale, akiona mto unapanda, hawezi kumhurumia mamba.

Aligeta wa Everglades, mbuga hii kubwa ya majimaji ya kusini mwa Florida, amepangiwa kinyume. Hutaga mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, mvua zikiwa zimeshaingia, na mayai hukaa kama siku 63 hadi 65. Yaani sehemu kubwa ya msimu wa mvua anao mzigo chini ya majani. Ukingo wa mchanga mkavu hana, kuna nyasi na tope. Basi anajenga kwenda juu, rundo linaloweza kukaribia mita moja, na mayai anayaweka katikati. Yai lile linapumua kupitia ganda. Likifunikwa na maji saa nyingi mfululizo, kilichomo ndani kinakufa.

Na panaponiuma ni hapa: hajengi kwa kubahatisha. Jike huyasoma maji ya mwisho wa kiangazi na mwanzo wa mvua. Yakiwa juu, kiota kinakwenda juu. Yakiwa chini, anashuka nacho. Kwa vizazi na vizazi hesabu hiyo ilikubali, maana maji ya Aprili na Mei yalikuwa yanatoa habari ya maji ya Agosti. Mwaka 1990 watafiti James Kushlan na Terri Jacobsen walieleza jinsi habari hiyo ilivyopoteza ukweli wake pale watu walipoanza kuyaendesha maji. Mama aligeta bado anasoma vilevile. Kilichobadilika ni kwamba maji hayamwambii tena kitakachofuata.

Sijui kama picha zangu zimewahi kuonyesha jinsi nchi hii ilivyo bapa. Kutoka Ziwa Okeechobee mpaka Ghuba ya Florida ardhi inainama kama sentimita 3 tu kwa kila kilomita. Zamani maji yalikuwa yanatembea polepole juu ya nyasi, upana wa makumi ya kilomita, na mvua ya huku juu ilichukua miezi kufika kule chini. Mwaka 1928 barabara ya Tamiami Trail ikafunguliwa, imekatiza bonde kutoka pwani hadi pwani, na tuta lake likawa bwawa. Mwaka 1948 likaja idhinisho la mradi mkubwa wa mifereji, matuta na mageti ili kuikinga miji na mashamba na mafuriko. Leo karibu nusu ya Everglades ya kale haipo tena. Iliyobaki imegawanywa vipande, na maji yanafunguliwa na kufungwa kwa ratiba. Kwenye ardhi bapa kiasi hicho, kina kikiongezeka kidogo tu kinaenea maili na maili, na viota vyote vya eneo hilo vimejengwa kwa kipimo kimoja.

Nawaheshimu wanaoshika mageti, nimekaa nao mezani. Kuna shomoro mdogo wa Cape Sable, ndege wa hatarini, anayejenga kiota karibu na ardhi kwenye nyasi za magharibi ya hifadhi. Ili yeye asizamishwe, baadhi ya mageti ya S-12 yale ya Tamiami Trail hufungwa miezi kadhaa kila mwaka. Maji yasipopita hapo yanajikusanya kaskazini ya barabara, walikojenga aligeta na ndege wengine. Ukimwokoa huyu kwa geti, yule anakaa kwenye maji. Hapo sina wa kumkasirikia, na ningependa ningekuwa naye. Ingekuwa rahisi kulala.

Bando lingekuwepo, ningemweleza mama na upande wa pili, kwa sababu najua swali lake la pili lingekuwa: basi yakaushwe.

Hapana. Ukame nao unawamaliza. Aligeta mkubwa ana shimo lake. Analichimba na kulisafisha mwaka hadi mwaka, anasukuma tope na mizizi kwa mkia na pua mpaka mahali pengine afike kwenye mwamba wa chokaa. Miezi ya kiangazi, nyasi zote zikikauka, maji yanabaki humo. Samaki wanakimbilia humo, kasa, konokono, vyura, na yangeyange na korongo wanakuja kula walichokusanyiwa. Ndege wanaotaka kuatamia wanachagua miti iliyo juu ya aligeta, kwa sababu rakuni akiogelea kufuata mayai anakutana naye kwanza. Kinda likianguka analila, huo ndio ujira wake, na ndege wanakubali. Nimesimama mbele ya shimo kama hilo mwezi wa nne, pande zote ardhi imepasuka, na pale katikati kelele za uhai zinaziba masikio. Sijawahi kuona kiumbe mwenye sura mbaya akifadhili wengi kiasi kile bila kujua.

Lakini mashimo yakikauka nayo, au kiangazi kikirefushwa na mifereji inayonyonya, wakubwa na wadogo wanasongamana kwenye dimbwi moja. Wakubwa wanakula wadogo. Kizazi cha mwaka uliotangulia kinaweza kuishia hapo. Wengine wanahamia kwenye mifereji yenyewe, kuna kina muda wote, lakini kitoto cha sentimita 20 na kitu hakina pa kujificha kwenye ukingo ulionyooka wenye samaki wakubwa chini na aligeta wakubwa pembeni. Zamani walikuwa wengi zaidi kule pembezoni, kwenye mbuga za maji mafupi na mpakani mwa mikoko. Maji matamu yalipopungua, bahari ikaingia na aligeta havumilii chumvi muda mrefu kama mamba halisi anavyovumilia. Wamebaki katikati, ambako ndiko wanakozamishwa.

Wala hawako karibu kwisha, nisiwatishe. Waliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini 1967, wakalindwa, na 1987 wakatangazwa wamepona. Florida nzima sasa ina zaidi ya milioni moja. Ila hawa wa Everglades wamekonda, wanakua polepole, na wale wanaotengeneza mpango wa kuirudisha Everglades, uliopitishwa 2000, wamewafanya kuwa kipimo. Vitoto vikitoka vya kutosha, maji yamekuja kwa wakati wake. Visipotoka, kuna mahali tumekosea. Ndiyo kazi yangu nzima hiyo, mama. Naulizwa na watu wenye mageti: hali ikoje? Nami inabidi nikaandike kwenye karatasi kwamba kiota cha Rehema ni sifuri, na mwaka huu hatataga tena.

Nimeandika mpaka hapo nikaenda kumchukua Naima kambini. Nimerudi nimekuta ujumbe wa sauti wa mama, dakika nne, jogoo wa Mama Mwajuma akiingilia kati kama kawaida. Lazima aliurekodi alfajiri na mtandao ukauchelewesha. Nauandika kama ulivyo.

"Mwanangu, hujambo. Wajukuu hawajambo? Nimelala naifikiria ile habari yako. Nilicheka, lakini nimeifikiria. Baba yako, Mungu amrehemu, dungu letu la shambani sakafu alikuwa anaipandisha kwa kutazama alama ya maji kwenye mkwaju. Mafuriko yakija tunakaa juu, mpunga unapata maji, tunasubiri yashuke tupande mlao. Hatukuwahi kulowa ila mwaka mmoja. Sasa nakuuliza, huyo mamba wako si mama? Mama hawezi kuweka mayai pabaya kwa kupenda. Hakuona alama? Au huko kwenu kuna watu wanayachezea maji?"

Nimekaa kwenye ngazi za nje nikausikiliza tena na tena. Mwanamke ambaye hajawahi kuona picha ya ratiba ya mageti, ambaye mto wake una mamba wa kumla mtu, ameamka usiku akamfikiria aligeta wa Florida mpaka akafika palepale walipofika maprofesa. Alama ya mkwajuni. Na neno hili la kuyachezea maji amelileta yeye, sikumpa mimi. Ule uzito nilioubeba wiki nzima umeondoka, nimejikuta nacheka peke yangu na machozi yananitoka, Naima ananiuliza bibi kasema nini.

Nimemjibu kwa ujumbe mrefu kuliko wake. Nimemwambia ndiyo, mama, wapo, na si wabaya, wanajaribu kuyarudisha yaende kama zamani. Nimemweleza kwamba Tamiami Trail imeinuliwa sehemu sehemu, daraja la kwanza la kilomita 1.6 likafunguliwa 2013 na baadaye likafuata jingine refu zaidi, ili maji yapite chini badala ya kulundikana. Kwamba mto Kissimmee, unaoingia Ziwa Okeechobee, ulionyooshwa kwa mashine, umerudishiwa sehemu ya kona zake, kazi ikakamilika 2021. Nimemwambia kule ng'ambo ya tuta kuna viota bado vikavu, na mwisho wa Agosti vitoto vitaanza kulia ndani ya mayai, mama yao ataisikia sauti, atafukua kwa makucha na kuvibeba mdomoni mpaka majini. Nikamwambia nitamrekodia sauti hiyo, nimtumie na bando la kuisikilizia.

Yale ya mafuriko ya Rufiji ya 2024 sikuyagusa, na yeye hakuyagusa. Niliyaandika hapa wakati ule.

Na sasa hivi, nikiwa nataka kufunga kompyuta, Baba Naima ameamka kujiandaa na zamu ya usiku. Jumatano alipimwa presha kazini ikasoma 160 kwa 100, akaniambia kwa mzaha na kusema ni kile kiti cha ofisini kinambana. Kiti hakipandishi presha. Vidonge alivyopewa mwaka jana viko kabatini, kopo limejaa, nimelitikisa nimesikia. Kliniki iliyo karibu nasi inafungua Jumamosi mpaka saa sita mchana, na yeye akitoka zamu asubuhi anataka kulala. Namngoja atoke bafuni nimwambie kesho halali, tunakwenda wote.